Nyumba Iliyoapiwa Mara Kumi na Mbili

Nyumba ya Kanali Thaddeus Plunkett ilikuwa na kila kitu ambacho sheria ilitaka nyumba iwe nacho: urefu wa futi kumi na nne, upana wa futi kumi na mbili, mlango mmoja, kitanda kimoja na dirisha la kioo. Ilikuwa pia na magurudumu manne. Sheria haikuyataja magurudumu, na kwa kuwa Kanali alikuwa mtu wa kuheshimu sheria, yeye naye hakuyataja.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo Kezia, akikoroga maharage. Kwa sheria za Missouri, Kezia alikuwa mali ya Kanali, sawasawa na jiko la chuma lililofungwa ukutani kwa mnyororo lisije likaanguka njiani. Tofauti yao ilikuwa moja tu. Jiko halikuwa na masikio.

Mwaka ule wa 1855 wakubwa wa Washington walikuwa wamechoka kugombana. Kila nchi ilipopanuka kuelekea magharibi, ugomvi ulikuwa ule ule: ardhi mpya iwe ya utumwa au iwe ya watu huru? Walihutubiana mpaka sauti zikakauka, kisha wakapata wazo ambalo hupatikana na watu waliochoka. Kansas iamuliwe na wakazi wa Kansas, kwa kura. Wakansa na Washawnee, makabila ya wenyeji waliokuwa wakazi wa pale tangu zamani, hawakuulizwa. Kezia naye hakuulizwa. Waliotakiwa kupiga kura ni wanaume weupe wenye makao katika ardhi ile, na makao ya Kanali Plunkett yalikuwa ng'ambo ya mto, Missouri, katikati ya shamba la katani, na yalikuwa na nguzo sita za mawe zisizoweza kuvuka mto hata kwa maombi.

Basi Kanali akajenga nyumba inayoweza.

Siku mbili kabla ya kura, akavuka kwa kivuko pamoja na wenzake kumi na mmoja, pipa moja la wiski, Kezia wa kupika, na mpwa wake Rufus wa kulinda pipa. Kila mwanamume alikuwa na uzi wa katani kwenye tundu la kifungo cha koti, ndiyo alama ya kutambuana: mwenye katani ni mwenzetu, anataka utumwa, mpe nafasi kwenye foleni. Walipiga kambi karibu na Kijito cha Kobe, wakapanda vigingi kwenye viwanja kumi na viwili, na Hakimu Hobart Spruill akaja na Biblia kwapani kuwaapisha mmoja mmoja, kila mmoja kwenye kiwanja chake, mbele ya nyumba yake. Yaani mbele ya nyumba ile ile.

"Unayo nyumba katika ardhi hii?" Hakimu aliuliza.

"Ninayo. Ndiyo hiyo."

"Imejengwa hapa, na haijasogea?"

"Haijasogea, Mheshimiwa." Maksai walikuwa bado wanahema.

"Ina dirisha la kioo?"

"Kanali, ina dirisha la kioo?"

"Liko mbele ya pua yako, mbuzi wewe."

"Ina dirisha la kioo, Mheshimiwa."

"Umelala ndani yake?"

Hapo mwapaji alikuwa akiomba dakika moja. Aliingia ndani, akajilaza kitandani na viatu vyake vyenye tope, akafumba macho, akahesabu mpaka kumi, akatoka. "Nimelala," alisema. Mmoja wao, Jubal Creech, ambaye hakupenda kazi nusunusu, aliongeza, "Na nimeota."

Kisha maksai walifungwa tena, nyumba ikaburutwa hadi kiwanja cha pili, na Biblia ikafuata nyuma kwa miguu.

Mwapaji wa kwanza alipoapa, Kezia alitikisa kichwa. Wa tatu alipoapa, alicheka ndani ya sufuria. Wa saba alipolala kitandani na kuhesabu mpaka kumi kwa sauti, maana hakujua kuhesabu kimoyomoyo, Kezia aliacha kabisa kukoroga maharage. Alikuwa amepata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko sufuria.

Inafaa kujua kwamba Kezia alikuwa na haraka. Mwezi uliokuwa unakuja, Arabella, binti wa Kanali, alikuwa anaolewa na kuhamia Texas, na baba yake alikwisha kumtajia zawadi zake za arusi: vijiko kumi na viwili vya fedha, farasi mweupe, na Kezia. Mume wa Kezia, Ezra, fundi magurudumu, alikuwa ametoroka majira mawili ya baridi yaliyopita na kufika Iowa salama. Alimtumia mkewe habari kwa mdomo wa mtu hadi mdomo wa mtu, nayo ilifika imebaki maneno matatu: "Nipo. Nangoja. Njoo." Kezia hakuwa amefundishwa jiografia, kwa sababu kumfundisha ilikuwa kosa kisheria. Lakini alijua kwamba Iowa iko kaskazini na Texas iko kusini, na kwamba mtu hawezi kwenda kote kuwili.

Na magurudumu ya nyumba ile yalikuwa kazi ya Ezra. Kanali aliyang'oa kwenye gari lake la zamani la kubebea katani. Kwenye kila kitovu cha gurudumu palikuwa na mkwaruzo mdogo wa patasi, kama mguu wa kuku, ambao Ezra aliuweka kwenye kila kitu alichokitengeneza. Kezia aliuona siku ya kwanza alipopanda ngazi kuingia jikoni. Tangu siku hiyo, nyumba ilipoyumba njiani na waapaji wakalalamika, yeye hakuwa na wasiwasi.

Jioni ya siku ya pili nyumba ilifika kiwanja cha kumi na mbili, cha Kanali mwenyewe, na Kanali akaapa kwa sauti nzito kuliko wote, mkono kifuani, kwamba hapo ndipo nyumbani kwake, na kwamba nyumba hiyo haijaondoka hapo wala haitaondoka hapo. Wakafunika magurudumu kwa mafungu ya nyasi. Kezia akachukua ndoo akaenda kijitoni.

Huko alimkuta mtu mrefu, mwembamba, amevaa kofia iliyokuwa imeona mvua nyingi, anawasomea gazeti maksai wake wawili waliokuwa wakinywa maji. Alipomwona Kezia alivua kofia. Kezia aligeuka nyuma kutazama anavuliwa nani.

"Jioni njema, dada," alisema yule mtu. "Mimi ni Lemuel Tuttle, shemasi, kutoka Massachusetts. Samahani kwa kukusumbua. Mwambie bwana wako nyumba yake imekaa juu ya viazi vyangu. Nimevipanda wiki iliyopita."

"Anajua."

"Amesemaje?"

"Amesema viazi vikapige kura."

Shemasi Tuttle alilifikiria jibu hilo kwa unyoofu wote, akaona halina msaada. Kezia alitua ndoo. Alimtazama yule mtu, kisha akawatazama maksai, na kusema kweli aliwatazama maksai kwa muda mrefu zaidi.

"Hawa wana nguvu?"

"Huyu anaitwa Ukweli, ana nguvu sana. Yule ni Subira. Yeye humfuata Ukweli, ila hachelewi."

"Wanaweza kuvuta nyumba?"

Shemasi aligeuka akaitazama nyumba kule kilimani, na moshi wake, na dirisha lake la kioo linalong'aa. Akalikunja gazeti polepole.

"Mpaka wapi, dada?"

"Iowa."

"Iowa ni safari ya wiki mbili."

"Texas ni safari ya maisha."

"Nina gari dogo," alisema Tuttle. "Nikufiche chini ya magunia, tuondoke kimya kimya. Kwa nini tuburute nyumba nzima?"

"Baba, nikitoroka kwenye gari watanitafuta kwa farasi na mbwa, na mpaka kesho jioni nitakuwa nimerudishwa. Watauliza njia nzima: mmeona mwanamke mweusi kwenye gari? Nikiondoka na nyumba, watauliza nini? Mmeiona nyumba yetu, ile tuliyoapa kwamba haisogei? Wanaume kumi na wawili wameweka mkono juu ya Biblia. Nimewasikia wote. Atakayesema nyumba imeondoka, ameharibu kura yake na kiwanja chake, na cha wenzake kumi na mmoja. Watamnyonga wao kabla hawajanikamata mimi."

Shemasi Tuttle aliketi juu ya jiwe. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, lakini alifika.

"Kuna tatizo moja," alisema kwa huzuni. "Mimi siwezi kusema uongo. Nilisema mmoja nikiwa na miaka saba, kuhusu paka, na mpaka leo unaninyima raha."

Kezia alishika kiuno. Katika maisha yake alikuwa amewahi kukutana na wazungu wa kila namna, lakini wa namna hii alikuwa hajaletewa.

"Hutasema uongo hata mmoja," alisema. "Utajibu unachoulizwa, basi. Hawa watu wakishaambiwa ukweli hawajui kuutambua."

"Na huo uzi wa katani kwenye kifungo? Siwezi kuuvaa. Koti langu litakuwa linadanganya."

"Tutawavisha maksai."

Shemasi aliwatazama maksai wake, akitafuta kama dhambi inaweza kuingia kwa njia hiyo. Hakuipata. "Pembeni mwa pembe," alisema mwishowe. "Ili waweze kuona njia."

Asubuhi ya siku ya kura palikuwa na jua safi na upepo wa kuchekesha nyasi. Kituo cha kura kilikuwa ghala la mtu, mwendo mfupi kutoka kwenye kiwanja cha Kanali, na tangu alfajiri watu wa Missouri walimiminika huko kama siafu walionusa nyama. Kanali aliongoza watu wake kumi na mmoja wakiwa wamejipanga wawili wawili. Rufus aliachwa na pipa.

Rufus alikuwa na miaka thelathini, lakini mjomba wake alimwamini kama mtoto wa mitatu. Alikuwa ameketi juu ya kisiki akihakikisha kwamba pipa halijaharibika, kwa kuonja, wakati Shemasi Tuttle alipokuja akiwaongoza Ukweli na Subira, kila mmoja na fungu la katani kwenye pembe, kama maharusi wawili wa arusi moja.

Rufus alicheka mpaka akashika mbavu. "Tazama hawa. Hata ng'ombe ni wenzetu. Unataka nini, ndugu?"

"Nimekuja kuichukua nyumba," alisema Shemasi.

Kezia, nyuma ya dirisha, alifumba macho.

"Tena?" Rufus alisema. "Nilidhani tumemaliza. Inakwenda kwa nani?"

"Kwa mtu anayeihitaji sana."

"Wote wanaihitaji sana. Siku mbili hizi nimeisukuma mpaka mgongo umepinda. Inaelekea wapi?"

"Kaskazini."

"Na nani amekutuma?"

Swali hili Shemasi Tuttle alikuwa amelifikiria tangu kuamka, na alikuwa amefikia uamuzi kwamba mwenye nyumba ni yule anayeishi ndani yake, anayepika ndani yake, anayefagia tope la viatu vya watu kumi na wawili kitandani.

"Mwenye nyumba," alisema.

"Basi chukua," alisema Rufus, aliyewaita watumwa wa kike shangazi kama walivyofanya wazungu wote wa kwao. "Ila usimmwagie shangazi maharage. Shangazi Kezia, unasikia? Mnahama tena."

"Nimesikia, Bwana Rufus," Kezia alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka na dunia. "Hawa watu watatuua kwa kuhama."

Rufus mwenyewe aliondoa nyasi kwenye magurudumu. Rufus mwenyewe alimsaidia Shemasi kufunga nira. Ukweli akatangulia, Subira akamfuata, na nyumba ikatoka juu ya viazi ikilia mlio kama wa bibi anayeinuka kitini.

Sasa basi, njia ya kaskazini ilikuwa moja, nayo ilipita nyuma ya ghala la kura. Hapo palikuwa na mteremko, chini ya mteremko palikuwa na tope, na katika tope hilo gurudumu la kushoto likaingia likatulia. Ukweli alivuta. Subira alivuta. Nyumba ilikataa.

Foleni nzima ya wapiga kura ikageuka kutazama. Walikuwa zaidi ya mia mbili, kila mmoja na uzi wake kifuani. Kezia aliona nyuso zao kwenye dirisha kama picha iliyopakwa rangi na mtu mwenye hasira. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulitazama foleni.

Jubal Creech alikuja akagonga kioo. "Shangazi, kahawa ipo?"

Kezia alishusha pumzi yote aliyokuwa ameizuia tangu kijitoni. Akafungua dirisha.

"Kahawa ipo, Bwana Jubal, na mkate wa mahindi umetoka jikoni sasa hivi. Lakini ni wa wanaosukuma. Anayesimama kutazama atakula macho yake."

Hakuna jeshi lililowahi kupangwa upesi kiasi kile. Watu ishirini waliegemeza mabega yao kwenye ukuta wa nyuma, wengine wakashika njiti za magurudumu, na mmoja akaanzisha wimbo wa mabaharia wa mtoni. Kezia alikata mkate na kuupitisha dirishani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alishikilia jiko.

Na hapo ndipo Kanali Plunkett mwenyewe alipotoka ghalani, akiwa amekwisha kupiga kura, na kwa mujibu wa daftari, amepiga mara tatu. Alisimama. Aliona nyumba yake, makao yake ya kudumu, imekwama kwenye tope mbele ya umma ikiwa na magurudumu wazi kama mwanamke aliyepandisha gauni. Na mbaya zaidi, chini ya mti wa mpamba-mwitu, aliwaona wanaume wawili wa upande wa watu huru wamesimama na daftari, mmoja wao anachovya kalamu.

Kezia alimwona anakuja. Alikuwa na kipande cha mkate mkononi, akasahau kukitoa.

Kanali alikimbia mpaka kando ya gurudumu. Hakumtazama Shemasi. Hakuwatazama maksai. Alimtazama Jubal Creech, na kwa sauti ya chini iliyojaa meno alisema, "Mpumbavu gani ameileta hapa? Wale kule wanaandika. Iondoeni hii nyumba mbele ya macho ya watu sasa hivi."

"Tunasukuma, Kanali."

"Sukumeni kama wanaume. Ipelekeni mbali. Nyuma ya kilima, na isionekane."

"Mbali kiasi gani, bwana?" aliuliza Shemasi Tuttle, ambaye alipenda maagizo yaliyo wazi.

"Kadiri wanyama wako watakavyoweza," alisema Kanali Plunkett, akaegemeza bega lake mwenyewe kwenye ukuta.

Gurudumu la Ezra lilitoka kwenye tope kwa mlio wa busu. Nyumba ilipanda mteremko huku watu ishirini na Kanali mmoja wakiisukuma, wakiimba, na midomo yao imejaa mkate wa mahindi. Walipofika juu walisimama wakapunga kofia. Kezia naye, kwa kuwa alikuwa amelelewa kwa adabu, alipunga kitambaa cha kufutia vyombo.

Maskini Shemasi alihesabu kwa vidole mpaka walipoacha kilima cha tatu nyuma yao.

"Dada Kezia," alisema hatimaye, "nimehesabu. Sikudanganya hata mara moja."

"Hukudanganya, baba."

"Na aliniagiza mwenyewe. Kadiri wanyama wangu watakavyoweza."

"Wanaweza mpaka wapi?"

Shemasi alimpiga Ukweli begani kwa upendo. "Huyu hajawahi kuniambia mwisho wake."

Siku ya kwanza Kezia hakutoka ndani. Siku ya pili aliketi mlangoni na miguu ikining'inia, akichambua maharage, na kila vumbi lilipoinuka nyuma yao alihesabu miguu ya farasi. Vumbi la kwanza lilikuwa nyati. La pili lilikuwa upepo. Siku ya sita, karibu na mto Nemaha, lilikuwa kweli gari linalokuja mbio. Kezia alishika kikaango cha chuma kwa mikono miwili na kusimama nyuma ya mlango, akiwa ameamua kwamba popote pengine atapelekwa, lakini si Texas.

"Lemuel," ilisema sauti ya mwanamke nje, "mwambie mwenye nyumba aweke kikaango chini. Nimekiona dirishani."

Alikuwa Philura Tuttle, mke wa Shemasi, mnene, mwekundu usoni, na gari lake lilikuwa limejaa nyama ya kukaushwa na maandazi ya tufaha. Yeye hakuwa na ugonjwa wa mumewe. Alisema uongo inapobidi, na alilala vizuri.

"Wako nyuma?" Kezia aliuliza. "Wanakuja?"

"Nani? Kanali?" Philura alikaa kwenye ngazi, akajipepea kwa aproni. "Mwanangu, Kanali hawezi kwenda popote. Yuko nyumbani."

"Nyumbani Missouri?"

"Nyumbani kwake Kansas. Sikiliza. Jioni ile ya kura alirudi kiwanjani, akakuta Rufus na pipa. Akauliza nyumba iko wapi. Rufus akasema, mwenye nyumba ameichukua. Nani mwenye nyumba? Rufus akasema, mjomba, mimi nitajuaje, mko kumi na wawili."

Kezia aliweka kikaango chini.

"Akamkimbilia Spruill. Nimeibiwa nyumba, na mpishi ndani yake. Spruill akamwambia, Thaddeus, ongea polepole. Wewe umeapa mbele yangu kwamba nyumba hiyo haiondoki. Nyumba isiyoondoka haiibiwi. Nikiandika imeibiwa, nimeandika ina magurudumu, na nikiandika ina magurudumu, wewe na wenzako na mimi tutapanda mahakamani kwa kiapo cha uongo. Na wale wa upande wa watu huru wameshaleta malalamiko, na kesho wakaguzi wanakuja kuangalia makao ya kila mtu, siku tatu mfululizo. Kaa nyumbani kwako, Thaddeus."

"Nyumbani kupi?"

"Ndiyo hapo," alisema Philura. "Nilikwenda na wakaguzi. Nilibeba maandazi. Hakuna anayemzuia mwanamke mwenye maandazi. Tukamkuta Kanali ameketi kwenye kiti katikati ya nyasi tupu, juu ya viazi vyetu, na mvua inanyesha. Ameweka mawe manne kwenye pembe. Mkaguzi akauliza, makao yako yako wapi? Kanali akasema, umo ndani yake. Spruill naye, Mungu amsamehe, akafuta viatu kwenye nyasi, akainama kidogo kana kwamba kizingiti ni kifupi, akasema, naam, naona nyumba. Nzuri. Ina dirisha la kioo."

Kezia alijaribu kujizuia. Kicheko kilimtoka puani kwanza.

"Nikamwuliza mimi," Philura aliendelea, "Kanali, mbona unalowa? Akaniambia, bibi, paa linavuja kidogo."

Basi Kezia akacheka. Alicheka akishika mwimo wa mlango, alicheka akikaa kwenye ngazi, alicheka mpaka Subira akageuza kichwa. Ulikuwa ni ule mcheko wa mtu aliyekaa miaka thelathini jikoni kwa wengine akicheka ndani ya sufuria tu, na sasa sufuria ilikuwa wazi.

"Alilala hapo siku zote tatu?"

"Siku zote tatu. Na wenzake kumi na mmoja wakamlinda asiondoke, maana akiondoka yeye, wote wameanguka. Jubal Creech alikuwa anabisha hodi kila asubuhi." Philura alifuta macho. "Kura wameshinda, kwa kweli. Wamepata kura nyingi kuliko watu. Safari hii wametushinda, na tutapambana tena, na itakuwa vibaya kabla haijawa vizuri. Lakini mpishi wamemkosa."

Iowa waliiona siku ya kumi na tatu, kutoka kwenye kivuko. Mwenye kivuko aliitazama nyumba, akamtazama Shemasi, akauliza kama kuna kitu cha kutangaza. Shemasi akasema, "Nyumba moja." Mwenye kivuko akasema anaiona.

Kijiji alichokaa Ezra kilikuwa na barabara moja, na karakana yake ilikuwa mwisho wa barabara hiyo. Alikuwa ameinama juu ya gurudumu la mtu, na vumbi la mbao kwenye ndevu, aliposikia mlio. Si mlio wa maksai. Ni mlio wa ekseli, na fundi huijua sauti ya kazi yake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Alitoka na patasi mkononi. Aliona nyumba inakuja katikati ya barabara, moshi unatoka, na watoto wa kijiji wanaifuata nyuma. Hakutazama dirisha. Alitazama chini, kwenye kitovu cha gurudumu, na pale aliuona mguu wa kuku.

"Hayo magurudumu," alisema, "mmeyatoa wapi?"

Dirisha la kioo likafunguka.

"Uliniambia nije," alisema Kezia. "Hukusema nije na nini."

Ezra alidondosha patasi. Haya mengine yaliyofuata hayamhusu mtu yeyote ambaye hakuwapo, na hata waliokuwapo, yaani Shemasi na mkewe na maksai wawili, walikuwa na adabu ya kugeuka upande wa pili.

Jioni ile, Ezra aliuliza waiweke wapi nyumba. Kezia alichagua mahali penye jua, karibu na kisima, akaingia ndani akajilaza kitandani bila viatu. Hakuhesabu mpaka kumi. Nje alimsikia mumewe akigonga, gurudumu la kwanza likatoka, kisha la pili, kisha la tatu. La nne lilipotoka, nyumba ilikaa chini ya uzito wake wenyewe, ikatulia, na vyombo vyote jikoni vikalia mara moja tu.